Chati ya Rangi Tatu na Injini ya Mama Shija

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimejifunza kuitikia mapema, maana vijana wa siku hizi shikamoo huwajia mdomoni mtu akishageuza mgongo.

Juma lililopita mlinialika pale Kiseke, kwenye kikundi chenu cha ujasiriamali, nieleze maana ya ufanisi katika kuendesha biashara. Mlinipa dakika kumi na tano. Tano zikaishia kwenye utambulisho, tano kwenye kipaza sauti kilichogoma, na zilizobaki nikazitumia kuwauliza ninyi swali: ufanisi ni nini? Kijana mmoja mwenye shati la kijivu alijibu haraka kwamba ni kufanya kazi nyingi kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Mkampigia makofi. Nami nikapiga, kwa sababu jibu lile nalijua vizuri. Niliishi nalo, likanipa sifa nyingi, halafu likaniaibisha. Muda ukaisha kabla sijasema hivyo. Basi yaliyobaki nayaandika hapa, ambapo hakuna mtu wa kunioneshea saa.

Nilifanya kazi katika karakana ya injini za boti, Pasiansi, karibu na maji. Mimi, Mama Pendo, niliingia kama karani wa stoo na nikastaafu nikiwa meneja. Mwenye karakana alikuwa Bwana Nassoro, mtu wa mji huu huu, ambaye baba yake na babu yake waliuza nyavu na kamba kabla injini hazijawa nyingi ziwani. Fundi mkuu alikuwa Mzee Magesa, Mkerewe mfupi, mpole, mwenye vidole vinene vilivyoweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Mimi sikuwahi kushika spana kwa maana ya kutengeneza kitu. Nilishika kalamu.

Kosa langu la kwanza nililifanya nikiwa bado na juma moja kazini. Nilikuta spea zimetapakaa stoo, nami nikazipanga zote kwa alfabeti, kila boksi na lebo yake, mwandiko wa kuchonga. Mzee Magesa alivumilia siku tatu. Siku ya nne aliingia asubuhi, akahamishia karibu na mlango vitu vyote vinavyoharibika kila siku, na vile vinavyoulizwa mara moja kwa mwaka akavisukuma nyuma kabisa. Nilipomuuliza kwa nini ameniharibia mpangilio, akasema mpangilio wangu ni mzuri sana, ila injini hazijasoma alfabeti. Nilinuna mpaka saa ya chai. Halafu nikaona kwamba tangu asubuhi sijapanda ngazi hata mara moja, nikaacha kununa.

Ningekuwa mtu wa kujifunza haraka, somo lile lingenitosha. Sikuwa.

Ninyi wa mjini mnakula dagaa bila kujua ratiba yao, kwa hiyo ngoja niwaambie. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri usiku usio na mwezi. Basi wavuvi wa dagaa hutoka katika kipindi cha giza. Mbalamwezi ikija, wanapandisha mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu, wanakwenda kuona familia zao. Hapo ndipo injini huletwa kwa fundi, tena zote kwa pamoja. Siku zile chache ua wetu ulijaa mpaka pa kupita hapana, na kila tajiri, yaani mwenye mtumbwi, alitaka injini yake kabla giza halijarudi. Giza likirudi, karakana inapoa, na mafundi wanakaa kivulini wanacheza bao.

Nilipopandishwa kuwa meneja, bao lile liliniuma sana. Nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya jioni ya uongozi wa biashara, cheti ninacho mpaka leo, na kwenye cheti hakuna mahali palipoandikwa bao. Nikaona mafundi wangu ni wazembe. Nikawapa kazi: wapake chokaa ukuta, wapake na mawe ya njiani, wahesabu bolti moja moja. Likizo nazo nikazigawa kwa kalenda ya ukutani, kila juma mtu wake, haki sawa kwa wote. Mbalamwezi ikaingia. Mafundi wawili hodari walikuwa kwao Musoma kwa likizo niliyoisaini mwenyewe, waliobaki walikuwa na chokaa kichwani, na injini zikarundikana mpaka nje ya geti. Bwana Nassoro aliniita ofisini akaniuliza kwa upole nina mpango gani. Upole wake uliniogopesha kuliko ukali.

Mpango niliupata jioni ile ile. Mzee Magesa alikuwa na desturi yake. Injini ikishatengenezwa, aliifunga kwenye boti ya karakana, akapakia magunia ya mchanga, akaingia na mwenye injini pamoja na fundi aliyeitengeneza, wakaenda ziwani mpaka nyumba za Pasiansi ziwe ndogo. Karibu saa nzima. Mwenye injini ndiye aliyeshika usukani, na fundi hakuwa na ruhusa ya kubaki nchi kavu hata akijitetea kwamba anaumwa tumbo. Nikapiga hesabu ya saa hizo na mafuta hayo, nikaona hasara tupu. Nikanunua pipa, likakatwa juu, likajazwa maji. Injini inaning'inizwa, inawashwa, inanguruma dakika kumi, mchirizi wa maji ya kupoza unatoka pembeni kuonesha mambo ni mazuri, mteja anasaini, anakwenda zake.

Karatasi ya manila nayo nikaibandika ukutani. Rangi nyekundu kwa injini iliyoingia, bluu kwa iliyo mezani, kijani kwa iliyotoka. Kijani kilipanda mpaka kikafika karibu na dari. Bwana Nassoro alileta wageni kuitazama, na mimi nikaletewa kiti cha kuzunguka. Nilikizungusha nikiwa peke yangu, siwafichi.

Mzee Magesa alilitazama pipa siku ya kwanza, akazunguka nyuma yake, akarudi mbele. "Mwanangu," akaniambia, "ndani ya pipa hata mimi ni nahodha."

Nilicheka. Nikadhani mzee anaona uchungu kwa sababu nimemnyima matembezi yake ya ziwani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo halikuwa kwenye kozi yangu. Injini nyingine zilikuwa zinarudi. Chache, lakini zinarudi. Injini iliyorudi niliiandika nyekundu, kama mgeni mpya, na ikitoka tena naiandika kijani tena. Kwa hiyo injini moja iliyotengenezwa vibaya ilinipa vijani viwili. Kadiri tulivyokosea, ndivyo chati yangu ilivyopendeza. Sikuwa nadanganya, Mungu ni shahidi. Nilikuwa nahesabu kwa uaminifu kitu ambacho hakikuwa na maana.

Mama Shija alikuja mbalamwezi moja kutoka ng'ambo, upande wa Sengerema. Alikuwa mjane wa umri wangu, mwenye mtumbwi mmoja na injini moja alivyoachiwa na marehemu mume wake. Aliileta nyuma ya pikapu, ameifunika blanketi kama mgonjwa. Mafundi wakaitengeneza, ikanguruma kwenye pipa, maji yakachirizika. Wakati wa kusaini aliniuliza, "Mmeijaribu?" Nikamjibu tumeijaribu, nikamwonesha pipa kwa kidole. Alilitazama muda kidogo. Nadhani alitaka kusema neno, lakini alikuwa anawahi kivuko, akasaini akaondoka.

Kwa wakati ule kwenda Sengerema au Geita kulikuwa kukaa foleni ya kivuko. Leo mnapita daraja la Busisi na vioo mmefunga, na simu mkononi. Nimelipita mara mbili, nalisifu, sina kinyongo nalo. Ila foleni ile ilikuwa na masikio. Siku chache baada ya giza kuanza nilikuwa natoka msibani Sengerema, nimekaa pale Busisi kwenye benchi na kanga yangu kichwani, na pembeni yangu wanawake wawili wenye ndoo za dagaa wanazungumza. Mmoja akamwambia mwenzake habari za Mama Shija. Kwamba injini yake imetoka kwa mafundi wa Pasiansi, imepakwa rangi mpaka inang'aa, na siku ya kwanza tu ya giza imekufa katikati ya maji. Wavuvi wamerudi kwa makasia, wamefika jua limepanda, mikono malengelenge. Na asubuhi ile ile wamehamia kwa tajiri mwingine.

Inawapasa muelewe uzito wa hilo neno la mwisho. Wavuvi wa kuajiriwa, mabaria tunawaita, hufuata mtumbwi unaotoka. Giza ni fupi. Siku moja bila kuvua ni siku moja bila kula, kwa hiyo injini ikileta shaka wanahama, na hakuna wa kuwalaumu. Tajiri asiye na mabaria ana ubao tu uliolala mchangani. Mama Shija akikaa vipindi viwili vya giza namna hiyo, injini ingeuzwa, na baada ya injini mtumbwi, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa wake wangetafuta pengine pa kwenda.

Wale wanawake hawakunijua. Yule wa pili aliuliza hao mafundi wanasimamiwa na nani, mwenzake akasema haelewi, labda mtu wa ofisini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani, na nimefanya mambo mengine ya aibu. Kivuko kilipokuja nilipanda wa mwisho.

Kesho yake asubuhi nilimweleza Mzee Magesa. Nilitegemea aniambie nilikuonya, tena ningefurahi angesema, ningepata cha kubishana nacho. Hakusema. Aliniuliza kama nimekunywa chai, akachukua boksi lake la vifaa na pampu mpya, tukavuka.

Tulimkuta Mama Shija mwaloni, pale mitumbwi inapopandishwa na dagaa kuanikwa, amekaa na wanawake wake karibu na vichanja vya kuanikia vilivyokuwa vitupu. Alimwamkia mzee shikamoo, mimi akanisalimu kwa mkono. Hakunifokea. Nilianza maelezo yangu, kwamba sisi tuliiwasha, na iliwaka vizuri, na saini ipo.

"Kuwaka inawaka, Mama Pendo," alisema. "Hata sasa hivi nikiivuta kamba itawaka. Mimi nilitaka watu wangu wafike na warudi."

Sentensi ile ningeipata mapema ningeokoa chokaa nyingi.

Mzee Magesa aliifungua injini pale pale, kwenye turubai. Tatizo lilikuwa mpira mdogo ndani ya pampu ya maji, umelika pembeni. Kwenye pipa, injini ikiwa haisukumi kitu, mpira ule uliweza kupandisha maji ya kutosha na mchirizi ukatoka. Kwenye mtumbwi wenye watu, nyavu na taa, injini inahema, inataka maji mengi, mpira hauwezi, injini inachemka inakufa. Dakika kumi za pipa zisingeonesha hilo hata zingekuwa mia. Mzee aliushika ule mpira juu wanawake wote wauone, akasema ndio uliowarudisha watu kwa makasia, na kwamba sisi ndio tuliopaswa kuuona.

Alipomaliza kufunga pampu mpya akasema tuingie majini, ila anahitaji uzito wa watu. Mabaria hawakuwepo. Akanitazama mimi.

Vijana wangu, nilikuwa na miaka kumi na moja katika biashara ya injini za boti na sikuwahi kupanda boti hata moja yenye injini tuliyoitengeneza. Mimi ni mtu wa Magu, kwetu ni ng'ombe na pamba, maji tuliyaona kisimani. Kwenye kivuko nilikuwa nakaa katikati kabisa, nimeshika kitu. Nilitafuta udhuru, nikakumbuka ule wa tumbo, nikakumbuka pia kwamba haukubaliwi. Nikavua viatu.

Wanawake wa vichanja wakaingia wote, wanacheka. Mmoja akauliza kama meneja anahesabiwa kuwa baria mmoja au wawili, mwenzake akamjibu kwa unene ule ni baria na wavu wake. Mama Shija alishika usukani mwenyewe. Tulipoacha ufukwe nilishika mbao za pande zote mbili, nikafumba macho, nikaanza kusali sala za asubuhi na za jioni kwa pamoja.

"Fumbua macho," Mama Shija aliniambia. "Angalia maji yanavyotoka."

Nilifumbua. Saa nzima niliangalia ule mchirizi wa maji pembeni ya injini. Ukipungua kidogo roho inaruka, ukirudi napumua. Katika maisha yangu yote ya ofisini sijawahi kukagua kitu kwa makini namna ile. Na hapo, gauni limelowa mpaka kiunoni, ndipo nilipoelewa kwa nini Mzee Magesa alikuwa anawalazimisha mafundi kupanda. Fundi anayejua atapanda hafungi nati nusu.

Tuliporudi, nahodha wa Mama Shija alikuwa amesimama ufukweni. Faustine, jina lake, mtu wa maneno machache. Alikuwa ametuona tukitoka na alisubiri aone kama tutarudi kwa injini au kwa makasia. Aliingia majini, akaigusa injini kwa kiganja, akauliza nani ameijaribu. Mama Shija akaninyooshea kidole, nami nilikuwa nakamua gauni langu. Faustine akasema ameshampa tajiri mwingine neno lake mpaka mbalamwezi, hawezi kulivunja. Halafu akavua koti lake la mvua, akaliweka ndani ya mtumbwi wa Mama Shija, mbele, mahali pa nahodha. Kwa watu wa mwalo hilo ni sawa na kuandikishana: nafasi ni yake, asipewe mtu.

Kwa hiyo giza lile Mama Shija alilipoteza lote. Nawaambia wazi msije mkadhani nilitengeneza kila kitu kwa safari moja. Vichanja vilikaa vitupu mpaka mwezi ukarudi, na ilikuwa kwa sababu yangu.

Nilirudi Pasiansi nikaibandua chati. Bwana Nassoro aliuliza kijani kimekwenda wapi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, pipa, vijani viwili vya injini moja, foleni ya Busisi, nikangoja anifukuze. Aliuliza sasa atawaonesha nini wageni wake. Nikamwomba anipe giza moja tu.

Likizo zote nikazihamishia kwenye giza. Bao likaruhusiwa, na mimi nikajifunza kulicheza, nikashindwa na kila mtu mpaka mlinzi. Mbalamwezi inapokaribia, spea zinazoharibika sana zinakuwa zimeshaletwa na boti ya majaribio imeshajazwa mafuta. Pipa nikalitoboa chini nikapanda mchicha. Tukarudi ziwani, injini moja baada ya nyingine, na fundi ndani. Mwanzoni tulitoa injini chache kwa siku kuliko wakati wa pipa, na wateja wengine walinung'unika. Lakini zilizotoka hazikurudi, na ambazo hazirudi hazijazi ua, hata siku moja nikagundua kuwa tunapata nafasi ya kupita.

Badiliko kubwa lilikuwa kwenye kalamu yangu. Nilikataa kuandika injini imetoka eti kwa sababu imevuka geti letu. Nilingoja asubuhi ya kwanza ya giza, nikampigia kila tajiri kwa simu yangu ya tochi, nikamuuliza jambo moja: wamerudi kwa injini? Akisema ndiyo, naandika. Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Mmoja aliniuliza kama nina ndugu yangu kwenye mtumbwi wake.

Kijana wa shati la kijivu, jibu lako si baya. Haraka ni nzuri, na kubana gharama ni kuzuri, nami nilikuwa hodari wa yote mawili. Ila hukumtaja yule anayengoja upande wa pili, na kama kazi yako inamfaa au haimfai. Ukimwacha huyo nje ya hesabu, unaweza kuwa mwepesi sana katika kuharibu mambo ya watu, na bado ukaletewa kiti cha kuzunguka. Ukiendesha saluni, kiwanda au duka la dawa, tafuta asubuhi yako ya kwanza ya giza ni ipi, na uwe na namba ya simu ya kupiga.

Asubuhi ile, ya kwanza kabisa ya kupiga simu, jina la kwanza kwenye orodha yangu lilikuwa la Mama Shija. Niliogopa. Nikapiga, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nikawapigia wengine wote, wakajibu vizuri, nami sikuwa nasikia wanachosema. Mzee Magesa aliingia, akaona uso wangu, akavuta kigoda akakaa nami. Saa nne na kitu simu ikalia, Mama Shija. Nyuma yake nilisikia kelele za wanawake wengi, mtu anacheka, mtu anaita beseni liletwe.

"Tumerudi, Mama Pendo," alisema. "Siwezi kuongea, mikono imejaa dagaa."

Akakata kabla sijamjibu.